Picha za Kale za Mji wa Atlanta: Nyumba, Watu na Majina

Katika Kiswahili kitendo cha kupiga picha kina watendaji wawili. Mwenye kamera husema kwamba amepiga picha. Na mtu aliyekwenda studio, akavaa nguo zake za sikukuu, akasimama mbele ya pazia lililochorwa, yeye naye akirudi nyumbani huwaambia jamaa zake kwamba amepiga picha, ijapokuwa hakuigusa kamera. Pamoja na hayo liko neno kupigwa picha, na hilo ndilo lifaalo zaidi pale ambapo mtu alikuwa akipita njia tu, au hakuulizwa, au hakuwa na uwezo wa kukataa. Tofauti hii ni ndogo katika mazungumzo ya kila siku, lakini ni msaada mkubwa kwa mtu atakaye kuzisoma picha za kale za mji wowote.

Mfano mzuri ni Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia katika Marekani ya Kusini. Mengi yajulikanayo kwa macho juu ya majengo yake ya mwanzo na maisha ya watu wake yamo katika mafungu mawili ya picha. La kwanza ni la mwaka 1864, wakati wa vita. La pili lilikusanywa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1900. Katika fungu la kwanza mji ulipigwa picha. Katika la pili watu wa mji, yaani wale waliokuwa watumwa na watoto wao, walipiga picha. Mafungu yote mawili yamehifadhiwa vema, na msomaji angaliweza kudhani kwamba hakuna kilichopotea. Kilichopotea ni maneno ambayo yangalipaswa kuandikwa chini ya picha hizo.

Asili ya mji

Atlanta si mji wa bandari, wala hauna mto mkubwa wa kupitisha vyombo katikati yake. Ulizaliwa na reli. Mwaka 1837 wahandisi walipiga kigingi mahali ambapo reli ya Western and Atlantic, itokayo kaskazini, ingekomea. Na kijiji kilichoota kando ya kigingi hicho kikaitwa Terminus, maana yake Mwisho wa Njia. Mwaka 1843 kikaitwa Marthasville, kwa heshima ya Martha, binti ya Wilson Lumpkin aliyekuwa gavana wa jimbo. Mwaka 1845 jina likageuzwa tena likawa Atlanta, na mwisho wa mwaka 1847 ukapata hadhi ya mji. Hivyo kwa muda usiotimia miaka kumi mahali pamoja pamekuwa na majina matatu, na atafutaye habari zake katika ramani za kale hana budi kuyajua yote.

Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha wakazi 9,554. Karibu mtu mmoja katika kila watano alikuwa mtumwa. Watumwa hao hawakuwa watu wa mashamba ya pamba, kama wengi wa Georgia walivyokuwa. Walikuwa mafundi, wapishi, madobi, wapakiaji wa mizigo na vibarua wa reli. Njia nne za reli zilikutana hapo, na kwa sababu hiyo, majimbo ya Kusini yalipojitenga mwaka 1861 na vita vikaanza, Atlanta ikawa ghala na karakana ya jeshi la Kusini. Ndiyo maana jemadari William T. Sherman wa jeshi la Kaskazini aliutaka mji huo, na tarehe 2 Septemba 1864 jeshi lake likauteka.

Picha za mwaka 1864

Pamoja na jeshi la Sherman alikuwapo mpiga picha George N. Barnard, aliyezaliwa mwaka 1819, ambaye alifanya kazi chini ya wahandisi wa jeshi. Siku hizo hapakuwa na filamu. Mpiga picha alichukua bamba la kioo, akalimiminia kolodioni, ambayo ni dawa ya kunata, kisha gizani akalichovya katika maji yenye chumvi ya fedha. Bamba lilitiwa katika kamera likiwa bado majimaji, na lilisafishwa papo hapo kabla halijakauka. Kwa hiyo hema la giza, chupa za dawa na masanduku ya vioo vilimfuata Barnard kila alikokwenda.

Kazi ya namna hii ina matokeo yaonekanayo katika picha zenyewe. Kwanza, kioo kilihitaji mwanga wa sekunde kadhaa. Jengo hungoja, lakini mtu apitaye hangoji. Huacha ukungu, au haachi kitu. Pili, dawa ile ilizidiwa upesi na mwanga wa mbingu, na anga ikatoka nyeupe tupu. Barnard alipotoa kitabu chake cha picha 61 za vita hivyo mwaka 1866, alichapa mawingu kutoka katika vioo vingine ili kuijaza anga. Mawingu mazuri yaliyo juu ya baadhi ya picha hizo si mawingu ya siku ile. Ajuaye jambo hili hatakuwa mwepesi wa kusema kwamba picha haisemi uongo.

Zaidi ya hayo, mnamo Septemba 1864 Sherman aliamuru raia wauhame mji. Moja ya picha mashuhuri za wakati huo huonyesha mabehewa ya mizigo kando ya stesheni, yamejaa watu na vyombo hata juu ya mapaa. Stesheni yenyewe ilikuwa banda kubwa la matofali lenye paa la upinde, lililojengwa katika miaka ya 1850, nalo lilikuwa fahari ya mji. Barnard alilipiga picha likiwa zima. Mnamo Novemba, kabla jeshi halijaondoka tarehe 15, wahandisi waliokuwa chini ya Kapteni Orlando Poe waliliangusha; na Barnard akapiga picha ya kifusi chake. Mpiga picha huyo, basi, alitumwa na watu wale wale waliolibomoa jengo. Si ajabu kwamba katika kazi yake mji waonekana kama kitu kilichotendwa.

Picha mbili katika fungu hili zastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Ya kwanza ni ya duka katika barabara ya Whitehall, iliyokuwa barabara kuu ya biashara. Mbele ya jengo umebandikwa ubao wenye maandishi makubwa, yasemayo kwamba humo hufanywa mnada na kuuzwa watu Weusi. Ubao huo haukufichwa wala haukuandikwa kwa aibu. Umeandikwa kama ubao wa muuza sahani au muuza viatu. Kando ya mlango ameketi askari Mweusi wa jeshi la Kaskazini. Miezi michache tu kabla ya siku hiyo, mtu kama yeye angaliingizwa mlango huo kwa minyororo na kutokea upande wa pili akiwa mali ya mtu mwingine. Sasa ameketi hapo na sare ya serikali. Je, alijiketia mwenyewe, au Barnard alimwambia aketi? Picha haijibu. Jina la barabara lajulikana, na jina la mpiga picha lajulikana. Jina la askari halikuandikwa.

Ya pili ni ya nyumba ya tajiri mmoja, Ephraim Ponder, iliyokuwa karibu na ngome za mji. Askari wa Kusini waliitumia kwa kulenga shabaha, na mizinga ya Kaskazini ikaitoboatoboa mpaka kuta zake zikawa kama chujio. Picha hiyo imechapwa mara nyingi kama mfano wa maafa ya vita, na katika baadhi ya nakala nyumba imeitwa ya Potter. Maana yake hata jina la mwenyewe lilikosewa. Lakini katika ua wa nyumba hiyo kulikuwa na karakana za watumwa mafundi. Mmoja wao alikuwa Festus Flipper, mshona viatu. Mwanawe, Henry Ossian Flipper, aliyezaliwa mwaka 1856, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alieleza kwamba alianza kujifunza kusoma katika ua huo huo: fundi mmoja, mtumwa kama wao, alikuwa akiwafundisha watoto usiku katika karakana ya mbao. Jambo hilo lilikatazwa na sheria ya Georgia.

Hivyo kando ya ile nyumba iliyotobolewa na mizinga palikuwa na shule. Haionekani katika picha, wala haikutajwa na aliyeandika maneno ya picha. Kama Flipper hangaliandika kitabu, picha ingalibaki kuwa ya kuta na matundu tu. Hapa ndipo ionekanapo nguvu ya maneno juu ya picha: maneno ya mtu mmoja yamebadili kile ambacho jicho hukiona katika kioo cha mtu mwingine.

Mji uliojengwa upya

Baada ya vita watumwa walioachwa huru walimiminika Atlanta kutoka mashambani. Shule zikaanzishwa upesi. Chuo Kikuu cha Atlanta kilianza mwaka 1865, na jengo lake la mwaka 1869 lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza makubwa ya elimu kwa watu Weusi mjini. Chuo kiitwacho leo Morehouse kilihamia mjini kutoka Augusta mwaka 1879. Chuo cha wanawake cha Spelman kilianza mwaka 1881 katika chumba cha chini cha kanisa la Kibaptisti la Friendship. Mwaka huo huo wanawake madobi wa mji waligoma wakidai ujira bora. Ilipofika mwaka 1900 Atlanta ilikuwa na wakazi 89,872, na karibu wawili katika kila watano walikuwa watu Weusi.

Lakini uhuru huo ulikuwa ukipunguzwa mwaka hata mwaka kwa sheria za ubaguzi na kwa vitisho. Mnamo Aprili 1899 mtu mmoja aliyeitwa Sam Hose aliuawa na kundi la watu bila hukumu ya mahakama, karibu na Newnan, kusini-magharibi ya Atlanta. Katika miaka hiyo mauaji ya namna hii yalipigwa picha, na picha hizo ziliuzwa na hata kupelekwa kwa posta kama salamu. Huo ndio mwisho wa ubaya wa kupigwa picha: aliye katika picha amekwisha kuondolewa kila kitu, na picha yenyewe ni sehemu ya mateso yake.

Wakati huo mwalimu W. E. B. Du Bois, aliyezaliwa mwaka 1868, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Atlanta tangu mwaka 1897. Alikuwa amesoma Harvard na Berlin, na aliamini kwamba ukweli uliokusanywa kwa makini ungetosha kuwabadili watu. Habari za Sam Hose zilimfikia akiwa njiani kwenda kwa wenye gazeti la mji na barua mkononi. Akaambiwa kwamba viungo vya vidole vya marehemu vimewekwa dukani vitazamwe. Akarudi nyumbani. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo ilimwonyesha kuwa elimu tulivu peke yake haitoshi.

Picha za maonyesho ya Paris

Mwaka uliofuata yalifanywa maonyesho makubwa ya mataifa mjini Paris. Thomas J. Calloway, mwanasheria Mweusi, alipewa kazi ya kutengeneza sehemu ya kuonyesha maendeleo ya watu Weusi wa Marekani, naye akamwomba Du Bois msaada. Du Bois na wanafunzi wake walichora chati za hesabu za watu, mali na elimu. Pamoja nazo alikusanya picha 363 za watu Weusi wa Georgia, akazitia katika albamu. Fedha zilikuwa haba, hata yeye mwenyewe alivuka bahari katika daraja la chini la meli. Du Bois alipewa medali ya dhahabu kwa kazi hiyo, na albamu zimo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington.

Mtu azifunguaye albamu hizo akitoka katika picha za Barnard huona tofauti mara moja. Hapa nyumba zina watu. Mwanasheria na jamaa yake wako katika baraza ya nyumba yao, wengine wameketi, wengine wamesimama. David T. Howard, aliyezaliwa utumwani na baadaye akawa na biashara ya mazishi, yuko pamoja na mama yake na mkewe. Duka la dawa lina rafu zilizojaa chupa mpaka juu. Vijana sita wameshika ala zao za muziki sebuleni. Ni bendi ya mtaa wa Summit.

Picha hiyo ya mwisho ni kazi ya Thomas E. Askew, mpiga picha Mweusi wa Atlanta aliyefanya kazi nyumbani kwake katika mtaa huo, na baadhi ya vijana walio ndani yake ni wanawe mwenyewe. Picha nyingine kadhaa katika albamu zatambulikana kuwa ni za mkono wake. Du Bois aliijua thamani ya jambo hilo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1923, aliwahimiza vijana Weusi washike kazi ya upigaji picha, kwa kuwa aliona kwamba mpiga picha Mzungu wa kawaida hakujua kuishughulikia rangi ya ngozi yao wala hakuwa na nia ya kujifunza.

Picha nyingi katika albamu ni za mtu mmoja mmoja, na mara nyingi mtu huyo huyo ameonyeshwa uso kwa uso na kisha upande. Mpango huo haukuwa mgeni kwa watazamaji wa Paris. Ndivyo polisi walivyowapiga picha wahalifu, na ndivyo walivyofanya wale waliodai kupima mbari kwa urefu wa pua na mzingo wa kichwa. Lakini mfungwa hupigwa picha. Watu hawa walipiga picha. Walichagua kola, bizimu na kofia. Walimtazama mwenye kamera kama mtu amtazamavyo fundi aliyemlipa. Du Bois aliuchukua mtindo wa washtaki, akautia ndani watu ambao mashtaka hayakuweza kuwaenea.

Kilichoungua na kilichobomolewa

Medali ya Paris haikuulinda mji. Tarehe 22 Septemba 1906 makundi ya Wazungu yaliwashambulia watu Weusi katika barabara za Atlanta, na kwa siku kadhaa watu wakauawa; hesabu itajwayo mara nyingi ni watu Weusi 25 kwa uchache. Biashara nyingi za watu Weusi zikazidi kukusanyika katika barabara ya Auburn, ambamo Alonzo Herndon, kinyozi aliyezaliwa utumwani, aliikuza kampuni yake ya bima iliyoanza mwaka 1905.

Askew alifariki mwaka 1914. Tarehe 21 Mei 1917 moto mkubwa uliteketeza karibu majengo 2,000 na kuwaacha watu wapatao 10,000 bila makao, wengi wao watu Weusi. Katika moto huo ziliangamia picha na vioo alivyoviacha Askew. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ijulikanayo ni ile iliyokuwa imepelekwa Paris. Picha zilizosafiri zilisalimika; zilizobaki nyumbani ziliungua.

Mengine hayakuhitaji moto. Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya magari ilikata katikati ya mtaa wa Auburn. Stesheni kubwa iliyofunguliwa mwaka 1905 ilibomolewa na kumalizika mwaka 1972. Jengo la zamani la kanisa la Friendship lilibomolewa mwaka 2014 ili kupisha uwanja wa michezo, na lile jengo la chuo la mwaka 1869 liliharibiwa vibaya na moto mwaka 2015. Kwa majengo ya namna hii picha si pambo la kumbukumbu, ni ushahidi.

Maneno chini ya picha

Lakini ushahidi huo una pengo. Katika albamu za Paris watu wengi hawana majina. Waandishi wa maktaba, kwa kukosa habari, wamelazimika kuandika kwamba huyu ni mwanamke Mmarekani Mweusi, picha ya nusu mwili, na huyu ni mwanamume, anatazama kulia. Hawakukosea, wameandika wakionacho.

Sababu ya upungufu huo haikuwa uzembe. Albamu tatu kati ya nne zilipewa anwani isemayo kwamba ni za aina za watu Weusi wa Georgia. Du Bois alikuwa katika mabishano na watu waliosema kwamba watu Weusi ni wa aina moja, tena duni. Ili kuwajibu alionyesha aina nyingi, weusi na weupe wa rangi, wazee na vijana. Na kwa hoja ya namna hiyo jina la mtu halikuwa na kazi. Kila mtu alisimama kwa niaba ya wengi. Hoja ilishinda medali, lakini gharama yake ililipwa na wale waliosimama mbele ya kamera. Walikuja wakiwa wamevaa nguo zao bora ili wajulikane, na sasa wajulikana kama mifano. Mjukuu wa binti mmojawapo aweza kuutazama uso wa bibi yake katika kitabu asijue kwamba ni wake.

Kinyume chake ni ile bendi ya mtaa wa Summit. Majina ya vijana wale sita yamehifadhiwa, na kwa sababu hiyo picha yao huzungumza kwa namna nyingine. Mtazamaji aweza kuuliza nani alikuwa ndugu ya nani, nani alikuwa jirani, na kila mmoja alipiga ala gani. Kamera yaweza kuwa bora au hafifu, na aliye mbele yake aweza kuwa tajiri au maskini. Haya yote huathiri picha. Lakini iwapo baada ya miaka mia picha itakuwa habari ya mtu au itakuwa sura tu, hilo huamuliwa na mistari miwili ya maandishi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za Atlanta zaonyesha kwamba mali yaweza kubaki nzima sandukuni, isichakae wala isiibiwe, na bado ikapotea kwa namna hiyo hiyo. Atakayezihifadhi picha za mji wowote, hata zile zilizomo katika makasha ya jamaa yake, ana mambo matano ya kuandika wakati wenye kujua wangali hai: nani yumo, ni mahali gani, ni mwaka gani, nani aliyeshika kamera, na nani aliyetaka picha hiyo ipigwe. Jambo la tano husahauliwa kuliko yote. Nalo ndilo litakalomwambia mtazamaji kama mtu yule alipiga picha au alipigwa.